Kibao kwenye Ukuta wa Papa Murhula

Tulimzika Maman Nsimire Jumamosi iliyopita, mvua ikitufuata tangu kanisani hadi kaburini, na tuliporudi nyumbani kwake Nyalukemba, hapa Bukavu, binti yake mkubwa, Nabintu, alisimama barazani kuwashukuru watu. Akawashukuru wanakwaya, akawashukuru waliomuuguza hospitalini, akawashukuru majirani walioazima viti. Kisha akanyoosha kidole hadi nyuma kabisa, karibu na sufuria, mahali ninapopenda kukaa kwenye misiba. "Na ule papa munaona kule," akasema, "ule mwenye kujificha na sahani yake. Wakati papa yetu alifungwa, quartier nzima ilifunga madirisha. Ni yeye peke yake alienda kwa bale bantu kumusemea. Maman alituambiaka hiyo kila mwaka, mpaka kwenye kitanda ya hospitali." Watu wakageuka. Wengine wakapiga makofi, jambo ambalo sijawahi kuliona msibani. Mimi nikainamia wali wangu kama mtu anayetafuta mawe ndani yake. Baadaye Nabintu akaja kukaa kando yangu, akaniambia vijana wa mtaa wameamua kuweka vibao kwenye nyumba za zamani, ili watoto wajue wanatoka wapi, na kibao cha kwanza wanakitaka kwenye ukuta wa tanuri la mikate la baba yake. "Papa, wewe njo ulijuaka kazi ya plake. Utuandikie." Nikajibu kwamba nitaangalia. Mimi nikisema nitaangalia, wanaonijua huelewa kwamba ninaenda kulala. Lakini safari hii usingizi ulikataa, ndiyo maana ninaandika kurasa hizi kabla ya kuandika kibao chochote.

Ulikuwa mwaka ule ambao sote tulikuwa tumekwisha kubadili majina ya kizungu kwa amri ya serikali. Nchi ilikuwa imebadili lake, mto umebadili, padri alikuwa akijikwaa akituita kwa majina ya mababu zetu, na mimi nilikuwa na diploma yangu ya sekondari ndani ya bahasha, chini ya godoro, ili isikunjike. Niliishi kwa shangazi yangu, tantine Faida, katika chumba kilichokuwa kati ya sebule na jikoni. Kwa nini niliishi kwake, hiyo ni habari nyingine na haina utamu. Chumba kilikuwa na kitanda, dirisha la kutazama njia, na pazia la kitambaa cha kijani ambalo lilikuwa sababu ya jina langu la mtaani. Waliniita Papa Rido, yaani pazia kwa Kifaransa chetu. Nilipenda kuutazama ulimwengu kupitia upenyo wa lile pazia, huku nimelala, na chai karibu. Leo nina magoti mabovu na kila mtu ananionea huruma nikikataa kutoka. Zamani magoti yalikuwa mazima na nilikuwa nikikataa vilevile. Wanawake waliokuja kupika na tantine walikuwa wakipaza sauti makusudi: "Faida, ule mwana wako bado anapumua? Ao tulete sanduku?" Tantine akajibu, "Acheni mutoto. Anasoma." Nilikuwa sisomi. Nilikuwa nikisikiliza. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao, na hakuna kitu kilichotokea upande wetu wote wa Ibanda ambacho hakikupita mbele ya ile mbabula, jiko la makaa la tantine, kati ya sombe na maharagi, kikapunguzwa chumvi au kuongezwa.

Ni tantine aliyenitafutia kazi, nadhani ili apate nafasi ya kufagia chumba. Komite moja ilikuwa imeundwa kwa ajili ya urithi wa mji. Walikuwa wameng'oa vibao vya wazungu, vile vya shaba vilivyosema fulani alifika hapa na fulani alijenga pale, na sasa kuta zilikuwa na mashimo manne manne kila mahali. Komite ikataka mashimo yafunikwe na habari zetu wenyewe: hapa palikuwa soko la kwanza, hapa aliishi fundi aliyejenga hiki, hapa mtu wetu alifanya lile. Wazo lilikuwa zuri. Ninalisema hilo bila dhihaka, na hata leo ninaamini mtoto anayepita mbele ya ukuta wenye jina la babu yake hutembea kwa namna nyingine. Sekretere wa komite, mtu mpole mwenye koti la abakosti lililombana shingoni, alinipa orodha ya mahali saba na karatasi. "Citoyen, utaenda kila mahali, utauliza wazee, utaandika mistari mitatu. Mitatu, siyo mine. Saruji ni nzito." Nikasema ndiyo, citoyen, yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana. Nilikwenda mahali pa kwanza. Anayeujua Bukavu anajua kwamba hakuna mahali panapofikika bila kushuka mlima na kupanda mwingine. Nilikwenda mahali pa pili, mvua ikanikuta njiani, matope yakanivua kiatu kimoja mbele ya wasichana wa shule. Mahali pa tatu sikuenda. Nililala kitandani, nikafungua sikio upande wa jikoni, na mahali pa tatu pakaja penyewe. Pa nne vilevile. Tantine hakujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza, nilikuwa nikipita kuchukua maji ya kunywa na kusema tu, kama mtu asiye na haja, "Eti ile nyumba ya pale chini ilikuwaka ya nani?" Kisha narudi kitandani na kalamu. Sekretere alisifu mistari yangu. Alisema inaonekana nimetembea sana.

Vibao vilimiminwa na mzee mmoja wa Kadutu ambaye maisha yake yote alikuwa akitengeneza misalaba na mawe ya makaburi. Hakujua kazi nyingine. Alikuwa ananisomea maandishi yangu, anakunja uso, kisha anauliza, "Na huyu alikufa lini?" Nikimweleza kwamba hiki si kaburi, alitikisa kichwa kwa huzuni, kama fundi anayeombwa kutengeneza kiti bila miguu. Viwili vya kwanza alivileta na msalaba juu. Komite haikutaka msalaba mwaka ule, basi akaukwangua, na pakabaki doa lenye umbo lilelile ambalo kila Mkatoliki aliliona kutoka ng'ambo ya njia.

Mahali pa sita kwenye orodha palikuwa nyumba ya Papa Murhula, mwoka mikate. Ilikuwa hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu. Kila asubuhi nilikula mkate wake, mrefu, mweusi kidogo chini, wenye unga uliobaki kwenye midomo. Tantine alikuwa akienda kuuchukua, maana kutembea kabla ya chai sikuona faida yake. Ningeweza kuvuka njia na kumuuliza mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache lakini hakuwa mkali. Badala yake nilipita jikoni kunywa maji. "Papa Murhula?" akasema mmoja wa wale wanawake, akichambua maharagi. "Ule ni mwanaume. Wakati ya vita ya mamluki, sisi bote tulikimbia, yeye alibaki. Majuma yote ile tanuri yake haikuzimika. Alikuwa analisha askari." "Peke yake?" "Peke yake! Mikate, kila siku." Tantine akasema mtu kama huyo ndiye anayestahili kuandikwa ukutani. Nilirudi chumbani nimefurahi sana, kwa sababu mistari mitatu ilikuwa imejipanga yenyewe. Niliandika: Katika tanuri hili Papa Murhula alioka mikate kila siku, majuma yote ya vita, akalisha askari waliokuwa mjini. Hakuukimbia mji wake. Nilisoma mara mbili, nikajipongeza, nikalala.

Vita vyenyewe mimi sikuviona. Vilipofika, miaka michache kabla ya mwaka ninaousimulia, tantine alikuwa amenifungia mkeka mgongoni tukakimbilia kijijini, upande wa Walungu, na wale wanawake wa jikoni walikimbilia vijiji vyao. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mjini majuma yale. Tulirudi tukaambiwa mambo, na tuliyoambiwa tukayapika. Askari kwetu alikuwa askari.

Siku ya kufunua kibao watu walikuwa wengi. Wanawake wa animation, kile kikundi cha ngoma za serikali, walicheza, wakuu walikaa kwenye viti vya kuazimwa, na Papa Murhula alisimama kando ya ukuta wake ndani ya abakosti ya jirani iliyomfikia katikati ya mikono, unga bado ukiwa masikioni. Maman Nsimire, mkewe, alikuwa amefunga kitambaa kipya. Kabla hatujaanza nilimkaribia Papa Murhula nikamwambia kwa majivuno kwamba maneno ni yangu. Akacheka. "Papa Rido! Umetoka inje? Kumbe njo maana mawingu imekimbia. Lakini mutoto wangu, mutu anaandikwa kwenye saruji wakati bado anakula? Umenizika mbele ya siku." Tukacheka wote wawili. Kitambaa kikavutwa, mkuu akasoma kwa sauti, makofi. Papa Murhula alisoma pia, polepole, midomo ikitembea, na nikaona uso wake ukibadilika kama unga unapomwagiwa maji ya moto. Aligeuka akanitazama. Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini sana, "Mutoto wangu, si ungeniuliza tu?" Sikuelewa. Nilidhani nimekosea idadi ya mikate.

Aliyenielewesha ni ofisa mmoja wa jeshi aliyekuwa amekaa kiti cha pili. Hakuwa mtu wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, nusu Lingala. Makofi yalipoisha akainuka, akasogelea ukuta, akaweka kidole chini ya mstari wa pili kama mwalimu. "Ndeko, ndugu yangu," akaniambia, kwa upole kabisa, "wewe njo uliandika hii? Majuma yote ya vita, sisi askari ya taifa tulikuwa inje ya muji. Juu ya milima. Njaa ilituua kule. Ndani ya muji kulikuwa mamluki na bale bote balibafuata. Sasa huyu papa alikuwa analisha askari gani?" Wanawake walikuwa bado wanaimba. Ofisa hakungoja jibu. Alimtazama Papa Murhula, akaweka kofia, akaenda zake. Bia ilinywewa, watu wakatawanyika wakisema sherehe ilikuwa nzuri.

Watu wa usalama walimchukua Papa Murhula Jumanne, baada ya kuingiza mikate ya asubuhi. Nililijua hilo kwa pua kabla ya masikio, kwa sababu harufu ya mkate unaoungua iliingia dirishani kwangu na haikuondoka, na nikasema kwa sauti, kitandani, kwamba leo Papa Murhula amelala. Kisha Maman Nsimire akaingia bila kubisha hodi, miguu mitupu, akapita sebule, akainua lile pazia langu la kijani ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuliinua. "Bamebeba bwana yangu," akasema. "Na ile plake bameing'oa, bameenda nayo. Mwanangu, unisikilize. Ile wakati ya vita mimi nilikuwa na mimba ya Nabintu, siku zimefika, sikuweza kutembea. Njo maana hakukimbia. Bale bantu balikuja, baliweka bunduki juu ya meza yenye alikuwa anakandia unga. Balisema: oka. Alioka. Nabintu alizaliwa katika ile chumba ya nyuma, na bo balikuwa ku mulango banangojea mikate. Hakumuambiaka mutu. Wewe ulitoa wapi ile maneno? Enda ubaambie hakukuambia kitu. Enda useme ulijitungia. Bakijua ni maneno ya mutoto, batamuachilia." Nikasema nitakwenda. Akauliza lini. Nikasema kesho, maana mvua inakuja.

Kesho ikawa mvua kweli. Keshokutwa nilikuwa na homa, ambayo nilijipima mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe. Jikoni kulikuwa kimya. Wanawake walikuwa wanakuja, wanapika, lakini hawakusema kitu ila nipatie chumvi, sogeza sufuria. Siku ya tatu tantine aliingia na bakuli la uji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakulifanya hata nilipofaulu mitihani. "Utaenda," akasema. "Ni lazima uende, ule maman analala inje ya ile biro ya usalama kama mbuzi. Lakini bakikuuliza nani alikuambia, utasema nini? Tulikuwa bane mu ile jiko. Mimi niko na moyo mubaya wa kukuuliza hivi. Ila bale bengine batatu biko na batoto." Alisema hayo, akanitazama mpaka nikamaliza uji. Sijui hata leo kama alikuwa akiniomba au akinionya.

Siku ya nne nilikwenda. Ile biro ilikuwa nyumba ya kawaida, yenye maua, na ndiyo pekee katika njia ile isiyokuwa na maandishi yoyote mlangoni. Maman Nsimire alikuwa ameketi chini, kando ya ua, na chakula ndani ya kitambaa ambacho walikuwa wamekataa kukipokea. Aliponiona alisimama, akakunja mikono kifuani. Ndani nilipewa kiti na chai yenye maziwa. Mtu aliyenipokea alikuwa kijana, huenda alinizidi miaka mitano tu, na kucha zake zilikuwa safi.

"Nimekuja juu ya kibao," nikasema. "Yale maneno ni yangu. Papa Murhula hakuyaona kabla."

"Vizuri, citoyen. Umefanya vizuri kuja. Kwa hiyo ulijitungia? Mikate, askari, vita, yote umetoa mu kichwa?"

"Nilisikia."

"Kwa nani?"

"Watu husema."

"Watu wana majina." Alitabasamu. "Siku hizi kila mutu iko na jina ya kweli, jina ya mababu. Nipatie moja tu, na hii chai tutamaliza kuinywa kama marafiki."

Nilikuwa nimejiandaa kusema nimejitungia. Nililirudia neno hilo njia nzima, nikishuka mlima na kupanda mwingine. Ningesema hilo wangenipiga, labda wangenifunga, labda wangenicheka tu na kunirudisha nyumbani. Sitajua kamwe. Nililokuwa nikiliona pale ni chumba changu na ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta wanawake wanne wameinamia sinia, na nikaona pia, kwa uwazi uleule, mimi mwenyewe nikilala mahali pasipo kitanda. Nimejaribu miaka hii yote kutenganisha hofu hizo mbili, niseme hii ilikuwa ya heshima na ile ya aibu. Hazitengani. Zilikuwa zimeloa maji mamoja.

"Mwenyewe aliniambia," nikasema.

"Mwenyewe nani?"

"Papa Murhula."

Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilichosema, akanigeuzia karatasi, nikaweka sahihi kwa jina langu jipya la mababu. "Uko mutoto muzuri," akasema. "Maliza chai." Nikaimaliza.

Nje Maman Nsimire alinikimbilia. "Umeenda? Umeongea nabo?" Nikasema nimeongea nao. Akashika mikono yangu miwili akaibana kwenye paji la uso wake, yeye mtu mzima, mbele ya walinzi, na akalia, akisema Mungu ameniona. Nikamwachia afanye hivyo. Tukarudi pamoja hadi Nyalukemba, yeye akimwambia kila aliyepita na kumsalimia, "Huyu njo alienda," na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Papa Rido ana moyo. Wiki ileile walimhamisha Papa Murhula, wapi hatukuambiwa. Orodha yangu ikabaki na mahali pamoja. Nilimrudishia sekretere karatasi, naye akaipokea bila kuniangalia. Wanawake wa jikoni walianza tena kuzungumza baada ya miezi miwili, lakini kwa Mashi, lugha ya kijijini, na kwa sauti ambayo ukuta haukuipitisha. Tanuri lilizimwa. Tulikula mihogo asubuhi.

Nabintu atazisoma kurasa hizi kabla ya kijana yeyote kuchanganya saruji. Nimeamua hivyo. Yeye ndiye aliyezaliwa katika chumba cha nyuma, ana haki ya kuchagua ukuta wake useme nini, na kama atataka jina langu liondoke kwenye shukrani za familia, nitajua kwa nini kiti changu kando ya sufuria hakipo tena. Mtu ataniuliza nilingoja nini miaka yote hii. Nilikuwa nimekatazwa na mwenye kesi mwenyewe.

Papa Murhula alirudi mwaka uliofuata, mvua za kwanza zilipoanza, akitembea kwa miguu kutoka mahali gari la mizigo lilipomteremsha. Walikuwa wamemwachilia kama walivyomchukua, bila karatasi. Sikio moja lilikuwa limekufa, na vidole vya mkono wa kulia havikujikunja tena, hivyo hakuweza kukanda unga. Tangu siku hiyo hadi alipofariki ni mkewe aliyekanda. Jumapili iliyofuata Maman Nsimire alichinja kuku wawili, akaniita. Nilijaribu kuwa na homa. Tantine alinivuta kitandani kwa mkono wake mwenyewe. Nilikalishwa karibu na Papa Murhula, upande wa sikio lililokuwa likisikia, Nabintu mdogo akipanda na kushuka magotini mwangu kama mimi ni ngazi, na bugali ukawekwa, na kuku, na pilipili. Maman akasema mbele ya wageni maneno yaleyale niliyoyasikia tena Jumamosi iliyopita. Kisha akakumbuka maji ya kunawa, akatoka kwenda kuyachukua.

Papa Murhula aliniinamia. Alinuka sabuni ya dawa.

"Balinisomea ile karatasi yako," akasema. "Mara mingi. Naijua kwa kichwa."

Nikaanza kusema kitu, sikumbuki nini. Akaweka ule mkono usiokunjika juu ya goti langu.

"Nyamaza. Usimuambie maman. Ile mwaka yote alilala akijua kuko mutu moja alienda. Hiyo tu njo ilimubakisha. Usimutoshee hiyo, usimunyanganye."

Maman Nsimire akarudi na birika na beseni, akatazama sahani yangu. "Huyu mutoto hali," akasema. "Murhula, umemuambia nini?"

"Nimemuambia akule," akajibu mumewe.

Nikala. Maman akaniongezea paja.